Sifa za Kitabu Kilichofungwa

Kila asubuhi, akishamaliza kufagia ua, Redio alikuwa akimfunga mdogo wake kamba za viatu, kisha wanashikana mikono kwenda shule. Njiani alimsimulia hadithi. Wenzake wa darasa la sita walimpa jina la Redio kwa sababu alikuwa na sauti nzuri na hakuishiwa maneno. Mdogo wake wa darasa la kwanza aliamini kila neno lake.

Ijumaa moja, mwalimu wa maktaba alifungua boksi la vitabu vipya vya picha. Akawapa wanafunzi wachache wa darasa la sita kitabu kimoja kimoja.

"Kisomeni nyumbani," alisema. "Jumatatu mtawaeleza wadogo zenu uzuri wake, ili wajue cha kuazima. Kama kina kasoro, semeni pia."

Redio alipewa kitabu chenye picha ya mvulana na mbuzi kwenye jalada. Alikitia mkobani, na humo ndimo kilimokaa. Jumamosi aliruka kamba hadi jua likazama. Jumapili alikwenda kwa jirani kutazama televisheni.

"Kitabu cha mwalimu umekisoma?" mama yake aliuliza, macho yakiwa kwenye cherehani.

"Nimekimaliza, mama."

Jumatatu watoto wadogo walikaa kwenye mkeka wa maktaba. Ukutani, mwanamke mmoja mwenye aproni iliyojaa madoa ya rangi alikuwa akipaka picha ya msitu. Mwalimu akamtambulisha: ndiye aliyechora kitabu cha mvulana na mbuzi. Mchoraji akaweka brashi chini, akaketi kusikiliza.

Redio alisimama, akakiinua kitabu juu.

"Wadogo zangu, kitabu hiki ni moto wa kuotea mbali! Lugha yake ni tamu kama asali. Maneno yake ni mepesi, na sentensi zake zilinichekesha, kisha zikaniliza!"

Makofi yalilipuka. "Huyo ni dada yangu!" mdogo wake aliwaambia wenzake. Mchoraji hakupiga makofi. Alimtazama Redio kwa mshangao.

"Vizuri," mwalimu alisema polepole. "Hebu tusomee ukurasa wa kwanza."

Redio akafunua. Palikuwa na picha ya mvulana akifungua zizi. Akafunua wa pili: picha. Wa tatu: picha. Alifunua haraka haraka mpaka mwisho. Kitabu kizima hakikuwa na neno hata moja.

"Dada, maneno yako wapi?" mtoto mmoja aliuliza.

"Yamedondoka njiani!" mwingine alijibu.

"Redio imeisha betri!" rafiki yake wa dawati moja alipaza sauti.

Maktaba nzima ikaangua kicheko. Redio alihisi masikio yakiwaka moto. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Alipotupa jicho mkekani, mdogo wake alikuwa ameinamisha kichwa.

Jioni, wakirudi nyumbani, mdogo wake alikataa kushikwa mkono.

"Wananiita mdogo wa mwongo," alisema. Halafu akauliza, "Na zile hadithi zangu, nazo ni za uongo?"

Kicheko cha maktaba hakikumuuma Redio kama swali hilo. Alifika nyumbani akilia, akamweleza mama yake kila kitu, hata uongo wa Jumapili.

Mama alisimamisha cherehani. "Mteja akija kwangu, nikamwambia gauni limemkaa vizuri kabla hajalivaa, atarudi tena?"

"Hatarudi."

"Basi kaoshe uso. Kitabu si unacho? Kitazame."

Redio alikaa kizingitini akakitazama ukurasa kwa ukurasa. Mvulana alimtafuta mbuzi wake sokoni, mtoni, kwenye mvua. Na katika kila picha mbuzi alikuwepo! Hapa amejificha nyuma ya magunia, pale pembe zimechomoza majanini. Mvulana tu ndiye aliyekuwa hamwoni. Redio alicheka peke yake, kisha akarudia tangu mwanzo.

Kesho yake aliomba ruhusa ya kusema tena mbele ya mkeka uleule, mchoraji akiwa bado anapaka msitu wake ukutani.

"Jana niliwadanganya. Sikuwa nimekifungua kitabu hiki. Naomba mnisamehe, na wewe mama mchoraji unisamehe." Akakifunua kitabu. "Jana jioni nilikitazama. Hakina maneno, lakini utataka kumpigia kelele mvulana: mbuzi wako yuko nyuma yako! Kasoro ni moja. Sokoni shati lake ni la bluu, mtoni ni la njano, na hakwenda nyumbani kubadili."

Mchoraji alikishika kitabu, akatazama, akacheka mpaka akajishika mbavu.

"Lo! Hata mimi sikuliona hilo!" Kisha akamwekea Redio mkono begani. "Mwanangu, jana ulinimwagia sifa nikaona haya, maana hazikuwa zangu. Leo umenikosoa, nami nimefurahi, kwa sababu najua umeitazama kazi yangu. Usisifu usichokijua. Anayekuamini atakwenda kule unakomwelekeza."

Redio aliinamisha kichwa. Mdogo wake akainuka mkekani, akaja mpaka mbele, akanyoosha mikono miwili.

"Nipe mimi," alisema. "Nataka kumwona huyo mbuzi kwa macho yangu."