Vali ya Tisa

Juu ya meza palibaki mstatili safi usio na vumbi, na waya mmoja ukining'inia. Kompyuta ilikuwa imeondoka.

Inspekta aliinama, akautazama mstatili ule bila kuugusa. "Mashine ya miaka ishirini. Nani anaiba kitu kama hicho?"

"Labda mtu aliyekosa jiwe la kuzuia mlango," alisema Sajini, huku akinyunyiza poda ya alama za vidole.

Meneja wa ofisi ya maji hakucheka. "Afande, mji mzima unakunywa kutoka kwenye mashine hiyo."

Alieleza. Ndani yake mlikuwa na lahajedwali, jedwali la hesabu la kompyuta, lenye makro, yaani amri zinazojiendesha zenyewe, zilizoandikwa na karani mmoja aliyeitwa Bwana Nukta. Kila asubuhi makro ilipokea kipimo cha tangi na kutoa ratiba: vali ipi ifunguliwe, mtaa upi, saa ngapi. Lugha aliyoitumia Bwana Nukta ilikuwa imepitwa na wakati. Kompyuta mpya haziielewi hata neno.

"Mbona hamkubadilisha?"

"Kila mwaka tulisema mwakani." Meneja alijikuna shingo. "Safari hii tulikuwa tumeamua. Leo Ijumaa mashine ifutwe na kutupwa, Jumatatu tuanze mfumo mpya. Jana saa ya chakula cha mchana ikaibwa."

"Mfumo mpya unafanya kazi?"

"Bado unachanganya hospitali na uwanja wa mpira."

Mlango haukuvunjwa. Funguo zilikuwa mbili. Mmoja alikuwa nao fundi wa kompyuta, mwingine Dada Wino, karani wa ratiba.

"Dada Wino mwacheni," alisema Meneja. "Miaka ishirini na mbili hapa, hajaondoka hata na kalamu. Mkamateni fundi. Aliichukia mashine hiyo, kila mtu anajua. Saa kumi namwandikia barua ya kumfukuza."

Fundi alikuwa ameketi kwenye benchi la ukumbini.

"Uliichukia?" Inspekta alimuuliza.

"Niliichukia, Afande. Sikuiiba."

"Jana mchana ulikuwa wapi?"

"Hospitali. Mke wangu amejifungua juzi."

"Nani alikuona?"

"Mke wangu."

"Mwingine?"

"Mtoto. Ila alikuwa amelala." Alijifuta uso kwa kiganja. "Afande, nikifukuzwa kwa wizi, nani ataniajiri tena? Hata jina sijampa yule mtoto."

Mafundi bomba wawili walipita na spana begani, wakitaniana.

"Mnakwenda wapi?" Inspekta aliwauliza.

"Kufungua maji, Afande. Ratiba iko ubaoni."

Inspekta aligeuka taratibu. Mashine ya kutoa ratiba imeibwa jana. Ratiba ya leo iko ubaoni.

Ilikuwa karatasi moja iliyochapwa vizuri, vali kumi na nne, kila moja na mtaa wake na saa zake. Vali ya tisa ilikuwa imekatwa kwa kalamu nyekundu, mstari mmoja ulionyooka.

Dada Wino alikuwa dirishani, mwanamke mwembamba wa miaka hamsini hivi, shali mabegani.

"Hii umeitengeneza wewe, dada?"

"Mimi, Afande. Kwa kichwa. Nimeizoea, watu wasikose maji."

"Bila ile mashine?"

"Bila."

"Na hii vali ya tisa?"

"Aa, hiyo." Alitabasamu kidogo. "Ilizibwa zamani, barabara ikajengwa juu yake. Lakini makro bado inaiandika. Hakuna anayejua kuitoa, ukigusa mstari mmoja yote yanavurugika. Basi kila asubuhi naikata kwa mkono."

"Makro inaiandika," Inspekta alirudia. "Lakini hii umeiandika wewe, kwa kichwa. Sasa, dada yangu, uliiandika vali ya tisa ili uikate?"

Dada Wino aliitazama kalamu nyekundu mkononi mwake kana kwamba mtu mwingine ndiye aliyemshikisha.

"Yule kijana hana kosa," alisema hatimaye. "Mwacheni aende kwa mtoto wake."

Nyumba ya Dada Wino ilikuwa nyuma ya ofisi, vichochoro viwili tu. Mashine ilikuwa juu ya meza ya jikoni, imefunikwa kitambaa cha cherehani.

"Uliitoaje?" Sajini aliuliza.

"Kwenye sanduku la majalada. Mlinzi alinisaidia kubeba. Tena akanipa pole kwa uzito."

Sajini aligeuka ukutani kuficha kicheko.

"Leo alfajiri niliiwasha hapa, nikaibeba ratiba kwenye flashi, nikaichapa ofisini. Sikutaka mtu akose maji kwa sababu yangu."

"Na ya kuiba sababu ni ipi?"

Dada Wino aliondoa kitambaa. Aliiwasha. Mashine ilikohoa, skrini ikang'aa, na katikati kikatokea kisanduku cha kijivu:

*Umekula, Dada Wino?*

Chini yake vitufe viwili: *Ndiyo. Bado.*

"Wakati ule nilikuwa namuuguza mama," alisema. "Nilikuja kazini na tumbo tupu, siku moja nikaanguka pale mezani. Bwana Nukta hakusema kitu. Kesho yake nikakuta hiki."

"Alikuwa mchumba wako?"

"Hapana. Alikuwa mtu anayeuliza." Alivuta shali. "Alipohamishwa niliandaa maneno wiki nzima. Stendi nikamwambia, safari njema, Bwana Nukta. Akasema, ahsante, Dada Wino. Mwaka juzi tulipata habari kwamba amefariki."

Alibonyeza *Bado*. Maandishi yakabadilika:

*Nenda kale kwanza. Maji yatakusubiri.*

"Ukibonyeza Ndiyo, kazi inaanza," alisema. "Mimi kila asubuhi nabonyeza Bado kwanza. Hata nikiwa nimeshiba. Na wao walitaka kuifuta, Afande. Nani angeniuliza tena?"

Inspekta alikisoma kisanduku mara mbili. Kisha akatoa lebo mfukoni, akaandika, akaibandika ubavuni mwa mashine: *Kielelezo namba moja. Kisifutwe.*

"Sheria ndivyo inavyosema," alimwambia Sajini, ingawa Sajini hakuwa ameuliza. "Mpigie Meneja. Mwambie barua ya yule fundi aichane."

Sajini alipiga simu, akarudi, akagusa pingu kiunoni. "Afande, nimfunge?"

"Kwanza muulize kama amekula."

Sajini alikohoa, akavua kofia. "Dada... umekula?"

Dada Wino alimtazama kwa muda mrefu.

"Bado," alisema.

Inspekta alivuta kiti, akaketi mlangoni, akasubiri.