Sauti ya Eckart

Jumamosi ile foleni ya duka la mikate, pale sokoni mjini Halle, ilitoka hadi nje ya mlango, na aliyeizuia alikuwa mtu mmoja tu: mwanamume mrefu, mabega mapana, ndevu za kahawia, skafu ya sufu shingoni ingawa ilikuwa Mei na jua linawaka. Badala ya kusema anachotaka, alimwinulia muuzaji kikaratasi. Muuzaji hakuwa na miwani. Watu wakaanza kuguna.

Nyuma yake alisimama Henrike Pohl, dereva wa tramu, ndani ya sare yake ya buluu iliyopigwa pasi vizuri, zamu yake ikianza baada ya dakika kumi na mbili. Alikichukua kile kikaratasi mkononi mwa mwenyewe, akakisoma kwa sauti: mkate mweusi nusu, ukatwe, na kipande cha keki ya jibini. "Na mimi nipe kama chake," akaongeza, "maana nikianza kufikiria changu, abiria watatembea kwa miguu."

Nje, yule bwana aliandika kwenye daftari dogo kwamba jina lake ni Eckart Voss, ni mwimbaji, amepasuliwa kooni, na daktari amemkataza kutoa sauti kwa wiki tatu.

"Wiki tatu?" Henrike akasema. "Niandikie namba ya huyo daktari, nimpelekee shemeji yangu."

Eckart akacheka kimyakimya, mabega yakimtikisika. Namba aliiandika, ila ilikuwa yake mwenyewe.

Basi mapenzi yakaanza hivyo, mmoja akiongea na mwenziwe akiandika. Henrike alimpigia simu kila alipomaliza zamu. Walikubaliana kwamba Eckart akiigonga simu kwa kucha mara moja ni ndiyo, mara mbili ni hapana. Alimsimulia abiria waliomtukana, mama yake wa Dessau asiyetaka kupanda lifti, na mume aliyemwacha kwa kuchoshwa na kengele ya alfajiri. Jioni walitembea kando ya mto Saale wakila aiskrimu, mkono wake umepotea ndani ya kiganja cha yule jitu. Aliwauliza madereva wenzake ni mwanamke gani mwingine mjini ana mwanamume anayesikiliza.

Jambo moja tu halikuingia daftarini. "Wewe lazima ni besi, wa sauti nzito ya chini," Henrike alimwambia siku moja akimvuta ndevu. "Mwili wote huu. Ukiimba nadhani vioo vinatetemeka."

Eckart alishika kalamu, akaitazama, akairudisha mfukoni. Kwa kweli aliimba juu kabisa, kule wanakoimba wanawake. Alikuwa mmoja wa wanaume wachache wanaoimba hivyo nyimbo za karne zilizopita, na kwa kazi hiyo aliheshimiwa kutoka Göttingen mpaka Karlsruhe. Lakini mchumba wake wa zamani alikuwa akimsihi, kila walipokwenda kwa wazazi wake, aseme yeye ni mwalimu. Miaka sita ilikuwa imepita, na aibu ile haikumtoka. Mficha uchi hazai, na yeye alificha hivyohivyo.

Wiki ya tatu ilipokwisha, daktari akamruhusu kuongea. Simu ya Henrike ikalia.

"Habari za jioni, mpenzi."

"Nani mwenzangu?"

"Eckart."

"Eckart wangu haongei," Henrike akasema.

"Ameruhusiwa leo."

Henrike ilibidi akae. Alimtaka amwite jina lake, akaitwa mara nne, na kila mara akafumba macho. Sauti ya kuongea ya Eckart ilikuwa nzito na tulivu, kwa hiyo mwanamke akaamini alikisia sawasawa.

Wiki mbili zilizofuata Eckart alijifungia na mpiga kinanda wake, akiirudisha sauti ya kuimba kidogokidogo, mpaka ikarudi yote. Henrike naye alibadilishana zamu, akanunua gauni la kijani la mikono mirefu kwa ajili ya onyesho ambalo Eckart angeimba kanisani Jumapili. Alhamisi Eckart akapiga simu kumwomba asije.

"Kwa nini?"

"Sijui nikueleze vipi. Nitaona haya."

Aliona haya kwa nafsi yake. Henrike alisikia vingine. "Nimeelewa. Dereva wa tramu na mabibi wenye lulu hawakai benchi moja," alisema, akakata simu, na hakuipokea tena.

Jumapili Eckart aliimba vizuri kuliko alivyowahi kuimba, watu wakapiga makofi na kutwanga sakafu kwa miguu. Hakuona raha. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki: hata mpiga kinanda alimuuliza ni nani aliyekuwa akimtafuta katika viti vyote vile.

Jumatatu mchana alipanda tramu ya Henrike na kukaa mpaka Trotha, mwisho wa reli, abiria wengine waliposhuka. Hapo tramu husimama dakika sita. Henrike akafungua mlango wa chumba cha dereva, macho mekundu.

"Shuka."

"Niliionea haya sauti yangu, si wewe," Eckart akasema. "Mimi si besi. Naimba juu, kama wanawake. Niliogopa utacheka."

"Imba."

"Hapa?"

"Zimebaki dakika nne."

Eckart akavua skafu, akashika bomba wanaloshikilia abiria, akaimba. Sauti ilipanda nyembamba, safi, katika wimbo wa mtu anayeomba asiachwe peke yake. Bibi mmoja aliyekuja kupanda na kikapu chake alisimama mlangoni asiingie. Henrike hakucheka. Alimtazama mdomo mpaka mwisho, machozi yakimteremka bila kuyafuta.

"Wiki tatu niliongea peke yangu," alisema, "nikawa najitungia sauti yako. Niliitunga nzito. Nikaizoea."

"Na sasa?"

"Sasa ile siitaki tena. Lakini ukinificha kitu siku nyingine, nitakushusha katikati ya daraja."

Eckart, bado ameshika bomba, akamuuliza kama atakubali kuolewa naye. Papo hapo redio ya dereva ikakoroma. "Bi Pohl, umechelewa kuondoka dakika tatu. Kuna hitilafu?"

Kwa miaka kumi na mmoja Henrike hakuwahi kuchelewesha tramu. Akabonyeza kitufe.

"Hakuna hitilafu. Nimeposwa. Nipe dakika moja nimjibu."

"Chukua mbili," msimamizi akajibu redioni.

Kusema ndiyo hakukumchukua hata sekunde, na muda uliobaki akamwomba Eckart aimbe tena.