Kifundo cha Ngazi ya Mwisho

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare za shule, Chapuchapu aliingia chumbani kwa bibi yake na kikombe cha chai, akafungua dirisha, akasubiri swali. Swali lilikuwa lile lile.

"Jua limefika wapi leo, mke mwenzangu?"

"Limefika kwenye kamba ya nguo, bibi."

"Haya. Lisalimie."

Zamani swali hilo halikuwepo, kwa sababu bibi alikuwa akilifuata jua mwenyewe. Alitoka kwa mlango wa nyuma, akashuka ngazi tano za saruji mpaka uani, akakaa kwenye kigoda chake na kumsema kila kuku aliyepita. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, lakini uso wake ulijua jua lilipo. Kisha siku moja akaanguka. Chapuchapu ndiye aliyemkuta chini ya ngazi ya mwisho, mguu umekunjika vibaya, midomo imekauka kwa kuita bila kusikika. Daktari aliufunga mguu, ukaunga. Moyo ndio haukuunga. Bibi alisema mguu wake ulitafuta ardhi ukaikosa, na watu wazima wakatikisa vichwa wakasema ni uzee. Tangu hapo hakutoka tena, na nyumba ikapoa kama jiko lililozimwa.

Jina la Chapuchapu alipewa na bibi huyo huyo. Mtoto alifanya kila jambo mbio, kama marehemu babu yake. Akiosha sufuria, ilibaki na sabuni. Akifagia, taka zilihamia nyuma ya mlango. Hesabu alizijua sana, lakini mwalimu wake alizoea kuandika pembeni, kwa wino mwekundu, "Ungetulia ungepata zote."

Aliyewatunza wote wawili alikuwa shangazi, dada wa marehemu baba yake. Shangazi alikuwa fundi wa kuchomelea, mwenye karakana ya mabati kando ya barabara. Alitengeneza mageti, madirisha na vitanda vya chuma. Moto wa kazi ulikuwa umeanza kumsumbua macho. Jioni yalikuwa yakimwasha na kutoa machozi, naye alikuwa akiyafuta kwa upindo wa nguo, akisema ni vumbi tu.

Siku moja lilibaki bomba moja zuri kutoka kazi ya geti. Shangazi aliliangalia muda mrefu.

"Hili siliuzi," akasema. "Nitamtengenezea mama bomba la kushikia pale kwenye ngazi. Akiwa na kitu mkononi, atatoka."

Alichukua chaki, akachora pembetatu kwenye sakafu ya karakana.

"Tazama, mwanangu. Mstari huu unaosimama ni kimo, kutoka mlangoni mpaka chini uani. Huu uliolala ni kitako, kutoka ngazi ya kwanza mpaka inapoishia ya mwisho. Na huu wa mshazari ndio njia ya bomba letu. Pembe tunayoitaka imejificha hapa kwenye kona. Sisi hatuioni, lakini kimo na kitako vinaijua. Tutagawa kimo kwa kitako, jibu tulipeleke kwenye jedwali, nalo litatupa digrii za kulipinda bomba pale juu, lifuate mteremko."

"Mwalimu anaiita tanjenti."

"Aiite atakavyo, mimi inanilisha." Shangazi alimkabidhi futi ya kuvuta. "Nenda kapime kila ngazi peke yake, kimo na upana, halafu ujumlishe. Usiruke hata moja. Bomba ni hilo hilo, hatuna jingine."

Chapuchapu alifika kwenye mlango wa nyuma wakati manyunyu yameanza. Alipima ngazi ya juu. Kimo, sentimita kumi na tano. Upana, sentimita thelathini. Kisha akatazama chini, akaiona ngazi ya mwisho imelowa, akarudi nyuma. Tangu siku ile alikuwa akizunguka kwa mlango wa mbele ili asiikanyage. Aliogopa, huo ndio ukweli wenyewe, na hakutaka mtu ajue kwamba msichana wa umri wake anaogopa ngazi.

"Chapuchapu!" Jirani yake wa dawati alichungulia juu ya ua. "Mvua inakuja, twende tukacheze kibarazani kwetu. Bado unahesabu ngazi? Si zote za baba mmoja, mama mmoja hizo?"

Maneno hayo yalimfaa sana. Alizidisha kumi na tano mara tano, akapata sabini na tano. Akazidisha thelathini mara tano, akapata mia na hamsini. Akaandika kwenye kiganja, akakimbia.

Kesho yake baada ya masomo, shangazi aliuliza, "Umepima zote?"

"Zote, shangazi."

Shangazi aligawa sabini na tano kwa mia na hamsini, akapata nusu. Akapitisha kidole kwenye jedwali lililobandikwa ukutani, jeusi kwa masizi. "Nusu. Digrii ishirini na saba, kasoro kidogo." Akaliingiza bomba kwenye kipindio, mashine yenye gurudumu lililochorwa digrii na mkono mrefu wa kuvutia. Akavuta mpaka ishirini na tisa.

"Mbona umepitiliza?"

"Chuma ni kama mtoto mkaidi. Ukimwachia, anarudi nyuma kidogo. Kwa hiyo unampeleka mbele zaidi ya pale unapotaka abaki."

Alipoachia mkono, bomba lilirudi, likatulia penye ishirini na saba. Akapiga hesabu ya urefu wa mteremko, akakata, akalipaka rangi. Lilipendeza. Chapuchapu alilitazama, akajiambia kwamba ngazi ni ngazi.

Siku ya kulifunga, Jumamosi, mbingu zilikuwa nzito. Bibi alikuwa amesimama mlangoni mapema, ameegemea mkongojo wake. Alikuwa amevaa viatu. Chapuchapu alikuwa hajaviona viatu hivyo miguuni mwa bibi tangu aanguke.

Shangazi alifunga ncha ya juu ukutani, kando ya mlango. Chini, uani, alikuwa amesimamisha nguzo fupi ya chuma ya kulipokea bomba. Lakini bomba halikuifikia nguzo. Lilielea juu yake hewani, na katikati pakabaki pengo la kupitisha kiganja kizima. Shangazi alilisukuma, akalitikisa, akarudi nyuma kulitazama.

"Tukirefusha nguzo, je?" Chapuchapu aliuliza kwa sauti ndogo.

"Bomba litamfika mama kifuani, pale pale anapohitaji kuegemea. Ataanguka tena." Shangazi alimgeukia. "Mwanangu, ngazi ulizipima zote?"

Hapo palikuwa na nafasi ya kusema. Ilikuwa nafasi nzuri, na ilikaa kitambo. Chapuchapu alitazama viatu vya bibi.

"Nilizipima, shangazi."

"Basi ni mimi," shangazi akasema taratibu. "Mtoto amepima. Ni macho haya, yamesoma gurudumu vibaya."

"Acheni, wanangu," bibi akasema kutoka mlangoni. "Msihangaike. Mimi na jua tulishaagana." Akageuka, akapapasa ukuta, akarudi chumbani. Mvua ikaanza, na bomba likabaki linaning'inia pale.

Jioni Chapuchapu aliosha vyombo polepole kuliko siku zote, kwa sababu sauti ya shangazi ilikuwa ikimfikia kutoka chumbani.

"Mama, ile kazi ya geti kubwa niliyoletewa juzi nitaikataa. Fundi asiyeona digrii ataua mtu. Nimeanza kufikiria kuifunga karakana."

"Utafanya nini sasa, mwanangu?"

"Sijui, mama. Sijui kabisa."

Chapuchapu alikuwa akimjua shangazi yake kama mtu wa kucheka na kupiga nyundo. Kumsikia akisema hajui kulimwogopesha kuliko ngazi.

Asubuhi aliingia na kikombe cha chai, akafungua dirisha, akasubiri. Bibi alikuwa ameelekea ukutani.

"Bibi, chai."

"Weka hapo."

Akasubiri tena. Swali halikuja. Jua lilikuwa nje, limefika kwenye kamba ya nguo, na hakuna aliyeliulizia. Chapuchapu aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Alichukua futi, akatoka kwa mlango wa nyuma.

Ngazi ya kwanza, kumi na tano. Ya pili, kumi na saba. Ya tatu, kumi na saba. Ya nne, kumi na nane. Alichuchumaa mbele ya ngazi ya mwisho, akagusa saruji ile baridi, akapima. Ishirini na tatu. Akadhani amekosea, akapima tena. Ishirini na tatu. Upana wote ulikuwa sawa, thelathini thelathini, lakini vimo havikuwa ndugu hata kidogo. Ngazi ya mwisho ilikuwa ndefu kuliko zote, na miguu mizima ilikuwa ikiisamehe kila siku bila kujua.

Shangazi alikuwa barazani, kitambaa cha maji machoni. Chapuchapu alisimama mbele yake.

"Shangazi, sikupima zote. Nilipima moja ya juu tu, nikazidisha mara tano. Niliogopa kufika pale chini. Halafu nikakudanganya, na jana nikakudanganya tena."

Shangazi aliondoa kitambaa. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Kwa hiyo gurudumu nililisoma sawa."

"Ulilisoma sawa."

"Nikajilaumu mchana kutwa, na wewe unanitazama."

Chapuchapu alilia. Shangazi hakumbembeleza. Alikunja kitambaa chake, akakiweka kando.

"Machozi hayapindi chuma. Leta vipimo."

Walijumlisha pamoja. Kimo kikawa tisini. Tisini kugawa kwa mia na hamsini, sifuri nukta sita. Chapuchapu mwenyewe alipitisha kidole kwenye jedwali lenye masizi, safari hii polepole. "Digrii thelathini na moja."

"Tumepungukiwa nne," shangazi akasema. "Bahati yetu. Kuongeza kona kunawezekana. Ingekuwa tumezidisha, kulirudisha nyuma kungelipasua pale pale kwenye kona. Lakini sasa mteremko umerefuka, na bomba limekuwa fupi kwa upana wa kiganja. Itabidi tuliunge."

Wakalifungua bomba, wakalirudisha karakanani. Shangazi aliliongeza digrii zile nne, akaunga kipande mwishoni, akiwa na miwani myeusi usoni, na Chapuchapu amegeuka ukutani kama alivyoagizwa. Moto ulipozimika, mahali pa kuungia palibaki na kifundo. Kabla ya kukisaga, walilipeleka kulijaribu. Ncha ya chini ilikaa juu ya nguzo kama kifuniko juu ya chungu chake.

Chapuchapu aliingia chumbani, akapiga magoti kando ya kitanda, akamwambia bibi yote, hata namba.

"Ishirini na tatu?" Bibi aligeuka. "Rudia."

"Ya mwisho ishirini na tatu, bibi. Ya juu kumi na tano."

"Mguu wangu ulitafuta ardhi ukaikosa. Niliwaambia, mkasema uzee." Kisha kikamtoka kicheko, kidogo na kikavu, cha kwanza baada ya muda mrefu. "Babu yako huyo! Alizijenga kwa jicho, anawahi chakula. Na wewe ukazipima kwa jicho lake. Nipe viatu."

Alishika bomba, akashuka. Ngazi moja, akapumzika. Ya pili, akapumzika. Shangazi alitangulia chini, mikono tayari. Karibu na mwisho kiganja cha bibi kiligota kwenye kifundo, naye akasimama.

"Hiki nini?"

"Nilipounga, mama. Nitakisaga leo, kiwe laini."

"Usithubutu. Macho yangu hayaoni ngazi ya mwisho, lakini hiki kitanijulisha nimefika." Aliteremsha mguu taratibu, chini, chini zaidi, mpaka ukakuta ardhi.

Shangazi alikaa kwenye ngazi ya mwisho, akamwita Chapuchapu akae naye. Pale pale, mahali alipokuwa akipaogopa.

"Sikiliza, mwanangu. Kukosea kipimo si ajabu. Na kuogopa si aibu. Ungeniambia unaogopa, ningekuja tupime wote. Lakini kosa ukilificha halipotei. Linakwenda kukaa mabegani mwa mtu mwingine. Lako lilinilaza macho wazi. Nalo lingemvunja mama mguu wa pili. Njia ya mwongo ni fupi, lakini watu wengine huumia kabla hajafika mwisho wake. Ukikosa, sema mapema, chuma kikiwa bado kinapindika. Umenisikia?"

"Nimekusikia, shangazi. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Lakini kile kifundo hakitoki."

Mawingu yalikuwa bado mengi, na mwanga uliopita katikati yake ulikuwa hafifu. Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda, amekonda, uso ameuinua. Chapuchapu alimsogelea.

"Jua limefika wapi, bibi?"

Bibi alipapasa magoti yake.

"Limefika magotini. Nisogezee kigoda kidogo, mke mwenzangu, halafu ukaoshe upya ile sufuria ya chai. Bado ina sabuni."