Taa Nane Mbele ya Ukuta Mweupe

Kosa la kwanza lilikuwa la rangi. Hasifa, ambaye kawa zake za kufunikia sahani zilitafutwa na kila bibi harusi wa Koboko, alishona ukili wa kijani mahali pa mwekundu. Alipoambiwa alicheka, akafumua. Kesho yake akakosea tena. Siku ya tatu mumewe, Wahabu, alimkuta barazani mchana kweupe, anapapasa kapu la ukili, naye Hasifa akamuuliza mbona leo jua limewahi kuchwa.

Wahabu alikuwa fundi umeme wa magari, na mikono yake ilikuwa na akili kuliko ulimi wake. Barabara ya kwenda Arua ina giza, ng'ombe na malori, na madereva walikuwa wamechoka na balbu za njano. Basi, kabla ya makosa hayo, alikuwa ameanza kuwafungia zenon, zile balbu za mwanga mweupe zinazoletwa kwa katoni kutoka Arua, kila moja na kiboksi chake cha kupandisha umeme. Alijua vizuri kwamba taa iliyoumbwa kwa balbu ya zamani haiwezi kuushika mwanga wa namna ile. Utaruka juu na kumpofusha anayekuja mbele. Lakini mteja akitaka kali, fundi ana neno gani?

Taa mpya hupimwa ukutani, kigiza kinapoingia. Karibu na gereji, ukuta pekee ulionyooka na kupakwa chokaa ulikuwa wa makaburi ya zamani. Hapo Wahabu alichora mstari wake wa mkaa, na hapo alipeleka magari manne, siku tofauti, kila moja wakati wa magharibi, saa ile ambayo mama wa Kinubi huwaita watoto ndani na kufunika vyungu, kwa kuwa wasioonekana wanatoka kutembea. Mwanga haukukaa chini ya mstari. Uliruka ukuta, ukaangukia makaburini. Hasifa alimwonya. Yeye akamjibu kwamba walio kule hawana macho ya kuumia. Mdomo huponza kichwa, ila huu wa Wahabu uliponza kwanza kichwa cha mwingine.

Hospitalini walimtazama Hasifa macho wakasema hayana kasoro. Kisha zikaanza alama. Kila alfajiri, gari lililolala gereji lilikutwa na viganja kwenye taa, vyenye vidole virefu kupita kiasi, na Wahabu aliposugua kwa kitambaa aligundua kwamba alama ziko upande wa ndani wa kioo. Nyumbani kukaingia harufu ya nywele zilizoungua. Akashukuru kwamba binti yao, Faridah, yuko shule ya bweni Arua.

Jioni moja kitu kikapita nje kikipapasa mabati ya ukuta, taratibu, kikifika kwenye msumari kinasimama, kinaupapasa, kinaendelea, kikaizunguka nyumba yote huku wao wawili wameshikana mikono ndani bila kuthubutu kuvuta pumzi, kikafika mlangoni na kukaa hapo muda mrefu kikitafuta kitasa, juu, chini, juu tena, mpaka adhana ya isha ilipoita ndipo kikaondoka.

"Iko mutu nje," Hasifa alinong'ona. "Yeye hapana ona, baba Faridah. Kama mimi."

Sheikh Abdunoor aliitwa. Akamsomea Hasifa, akamuuliza maswali, na Hasifa akayajibu kwa sauti isiyo yake. Sheikh alitoka chumbani akitiririka jasho. Akamweleza Wahabu kwamba pale makaburini pana wenyewe, kwamba mmoja wao alimulikwa usoni akapofuka, na sasa ameyashika macho ya Hasifa. Sharti lake ni moja. Kila gari lililommulika lirudi ukutani wakati wa magharibi, lifungwe balbu za zamani, na Hasifa aguse taa zote nane kwa kiganja, akihesabu.

"Kama moja inapotea, wewe nasema sasa," sheikh alimwambia. "Danganya mimi, sawa. Hawa, hapana."

Magari matatu yalipatikana. La nne lilikuwa la Lado, mfanyabiashara wa Sudan Kusini, ambaye alikuwa amevuka mpaka kuelekea Yei na simu yake haikupatikana. Wahabu alingoja siku tatu. Hasifa sasa hakuona hata moto wa jiko. Aliungua vidole, akalia, na alichokililia si vidole bali kawa iliyobaki nusu. Wahabu alishindwa kuvumilia. Alimpenda mke wake, na mapenzi yakamfanya mwongo. Akaazima gari la jirani yake Obeti, la aina ile ile na rangi ile ile, ambalo halijapata kufungwa zenon hata siku moja. Asiyeona, alijiambia, atajuaje?

Magharibi sheikh alimshika Hasifa mkono, akampeleka taa hadi taa.

"Moja," alisema Hasifa kwa ile sauti nene. Akaendelea hivyo hadi sita. Kwenye gari la Obeti kiganja kilikaa sana, kikakagua kioo pembe hadi pembe, kikahamia taa ya pili, na mdomo haukutamka kitu.

"Hii ndiyo ile?" sheikh akamuuliza Wahabu.

"Ndiyo, ya sheikh."

Hasifa akapepesa macho. Akautazama ukuta, akasema mstari wa mkaa umepinda. Wahabu alilia mbele za watu bila aibu. Sheikh alichukua viatu alivyokuwa amevivua kwa heshima ya makaburi, akaondoka bila kumpa mkono.

Kwa siku sita nyumba ilirudi kuwa nyumba. Siku ya saba umeme ulikatika jioni, Wahabu akiwa amejilaza mkekani kando ya mkewe, na katika giza lile alisikia sindano ya Hasifa inaendelea, haraka kuliko zamani, bila kusita. Akamulika kwa simu. Mwekundu ulikuwa mahali pa mwekundu, kijani mahali pa kijani, na macho ya Hasifa yalikuwa yamefumbwa.

"Wewe naonaje?" akamuuliza polepole.

"Mukono naona."

Simu ikazimika. Harufu ya nywele zilizoungua ikajaa chumba, na Wahabu alipotaka kuinuka mwili ukakataa, na kiganja cha baridi, chenye vidole virefu kuliko vile alivyovioa, kikapanda kutoka kidevuni, kikapita shavuni, kikafika kwenye jicho la kushoto, kikalikagua pembe hadi pembe.

"Saba," ikasema ile sauti.

Kiganja kikavuka pua.