Kakao ya Kwenye Karatasi

Nyumbani kwa Cosmus Lendore, kakao haikauki kwa jua peke yake. Hukauka kwa jua na maneno.

Asubuhi isiyo na mvua, Cosmus na mkewe Merlene husukuma trei kubwa za mbao kutoka chini ya nyumba. Trei zina magurudumu. Zimejaa punje za kakao, nyekundu kama matofali, zenye harufu ya siki. Wao na binti yao Kerlyn huvua viatu, huingia ndani ya trei na kuburuta miguu taratibu. Miguu hugeuza punje ili zikauke pande zote. Huko Grenada, kwenye vilima vya juu ya mji wa Gouyave, kazi hiyo huitwa kuicheza kakao.

Wakiicheza, husimuliana. Na nyumba hiyo ina desturi yake: mmoja akisimulia, wengine lazima wambishie. Kumwacha mtu amalize hadithi bila kubishiwa ni kumvunjia heshima. Ni kama kula kwa watu na kuondoka bila kusifu mchuzi.

"Mwaka wa tufani," Cosmus alianza asubuhi moja, "upepo uliinyanyua trei hii na mimi nikiwa ndani. Nikapita juu ya kanisa. Padri akanipungia mkono."

"Padri alikuwa mgonjwa mwaka ule," Merlene alimkatiza.

"Alinipungia akiwa kitandani. Paa lilikuwa limeshaondoka."

"Na kakao?" Kerlyn aliuliza. "Haikumwagika?"

"Imwagike vipi? Niliicheza huko huko angani. Ilishuka imekauka."

"Papa, angani kuna mawingu. Ingelowa."

Cosmus alimtazama binti yake kwa fahari. Yeye mwenyewe alikuwa msemaji hasa. Watu wanasema kasuku mmoja alihama bonde lile kwa kukosa nafasi ya kuongea. Lakini kwa kubisha, Kerlyn alimpita baba yake.

Kerlyn alitaka kuwa muuguzi. Chuo cha uuguzi kilikuwa tayari kumpokea. Masomo yote alikuwa amefaulu isipokuwa Kiingereza, na katika Kiingereza kilichomwangusha ni sehemu ya ufahamu. Ile unayopewa habari uisome, kisha ujibu maswali. Mtihani wa marudio ulikuwa Januari. Akianguka tena, nafasi yake chuoni angepewa mwingine.

Jambo hili lilimchanganya Cosmus. Kiingereza ndicho walichokiongea nyumbani, sokoni, kanisani na kwenye ugomvi. Mtu anaangukaje mtihani wa lugha aliyokemewa nayo tangu utotoni?

"Nitamfundisha mwenyewe," alimwambia mkewe.

"Wewe?" Merlene alicheka. "Baba Kerlyn, wewe hata mahubiri unayajibu."

"Ndiyo maana padri ananikumbuka."

Jioni hiyo baba na binti walikaa barazani. Kerlyn alifungua kitabu cha mazoezi. Habari ya kwanza ilihusu mkulima wa kakao. Cosmus alisugua mikono kwa furaha.

"Hii tumeshafaulu," alisema. "Soma."

Kerlyn alisoma kwa sauti. "Mzee Baptiste hukausha kakao yake kwa siku sita. Hugeuza punje kwa reki ya mbao…"

"Reki?" Cosmus alidakia. "Huyo analima kakao au anafagia bustani ya maua?"

"Na siku sita wakati gani, Papa? Mvua zikinyesha je?"

"Hajui kitu huyo. Andika ukweli, mwanangu."

Kerlyn akaandika ukweli kwenye karatasi. Mkulima hugeuza punje kwa kitu gani? Kwa miguu. Hukausha kwa siku ngapi? Inategemea jua. Walipofungua ukurasa wa majibu nyuma ya kitabu, karibu yote yalikuwa makosa.

"Kitabu hiki kimekosea," alisema Cosmus, lakini sauti yake ilikuwa imepungua.

"Kitabu hakijakosea, Lendore."

Aliyesema hivyo alikuwa amesimama langoni. Alikuwa Mwalimu Verlyn Cudjoe, jirani yao wa ng'ambo ya barabara. Alikuja kununua vidonge vya kakao iliyosagwa, vya kupikia chai. Siku za shule alifundisha Kiingereza mjini. Siku za Jumapili alikuwa mwamuzi wa kriketi uwanjani. Cosmus hakuwa amemsamehe, kwa sababu Mwalimu aliwahi kumtoa mchezoni. Alisema mpira uligusa gongo la Cosmus kabla ya kudakwa.

"Karibu, Mwalimu," Cosmus alisema. "Umekuja kununua kakao, au umekuja kunitoa tena?"

"Nimekuja kununua kakao. Lakini nimesikia kelele, nikadhani unamfundisha mtoto."

Kerlyn alicheka. Baba yake hakucheka.

Mwalimu alivuta kiti. Aliichukua karatasi, akasoma majibu ya Kerlyn moja baada ya jingine, polepole.

"Majibu mazuri," alisema. "Yote ni kweli. Mtu wa kakao akiyasoma atakupa mkono. Mtahini atakupa sifuri."

"Kwa nini?" Kerlyn aliuliza. Macho yake yalikuwa yameanza kulengwa na machozi. "Mwalimu, Kiingereza si nakijua?"

"Unakijua sana. Kiingereza si tatizo lako. Tatizo ni kwamba unabishana na mwandishi kabla hajamaliza kusema. Swali halikuuliza wewe unageuza kakao kwa kitu gani. Limeuliza Mzee Baptiste anageuza kwa kitu gani."

"Lakini Mzee Baptiste amekosea," Cosmus alisema.

"Labda. Lendore, nikuulize. Siku ile nilipokutoa, nilihukumu kwa kitu gani?"

"Kwa chuki."

"Nilihukumu kwa nilichokiona pale. Kijiji kizima kinajua wewe hudakwi kwa mpira wa aina ile. Hata mimi najua. Lakini mwamuzi hahukumu kwa anayoyajua kutoka nyumbani. Mtihani wa ufahamu nao ni hivyo hivyo. Jibu lako lazima litoke ndani ya uwanja, na uwanja ni ile habari uliyopewa."

Cosmus alifungua mdomo, akaufunga. Merlene, aliyekuwa akisikiliza kutoka jikoni, alitoka na mwiko mkononi kuhakikisha kwamba kweli mumewe amenyamaza.

"Basi nifanye nini?" Kerlyn aliuliza. "Yaani, nianzie wapi?"

"Anza na maswali. Yapitie kwanza, ujue unakwenda kutafuta nini. Kisha soma habari yote mara moja bila kushika kalamu, mpaka nukta ya mwisho. Msikilize mtu amalize. Baada ya hapo rudi kwenye swali la kwanza. Kabla hujaandika jibu, weka kidole kwenye mstari unaolibeba. Kidole kwanza, kalamu baadaye. Ukikosa pa kuweka kidole, ujue hilo jibu umelitoa kichwani mwako."

"Na neno nisilolijua?"

"Usisimame hapo kama punda mbele ya mto. Soma sentensi iliyotangulia na inayofuata. Mara nyingi majirani wa neno huwa wanalisengenya. Ukiona bado, liruke, utalirudia. Na swali likikukatalia kabisa, nenda kwenye lingine. Muda wa mtihani haukungoji."

"Na mimi?" Cosmus aliuliza. "Mimi nikae tu?"

Mwalimu alifikiri. "Wewe nina kazi yako, tena ngumu. Kerlyn akisoma, unanyamaza. Akitoa jibu, una ruhusa ya kusema neno moja tu. Sema, 'Wapi?' Akuonyeshe mstari."

"Neno moja?" alisema Merlene. "Mwalimu, utaniulia mume."

Siku za mwanzo zilikuwa za mateso kweli. Cosmus alikaa barazani amebana midomo kama mtu aliyekula ndimu. Habari moja ilisema mbuzi ni mnyama mtiifu. Cosmus alishika mikono ya kiti mpaka kiti kikalia. Habari nyingine ilisema kokwa za kungumanga zina harufu ya wastani. Alitoka, akazunguka nyumba, akarudi.

"Wapi?" aliuliza kwa sauti ya mgonjwa.

"Hapa, Papa. Mstari wa nne."

"Haya."

Mwalimu alipita kila alipopata nafasi. Aliona Kerlyn anakwenda vizuri kwenye maswali ya wazi: nani, lini, kwa nini. Lakini maswali ya kufikiri yalimtatiza. Safari hii aliogopa kupita kiasi.

"Habari inasema mama alianua nguo, akafunga madirisha, akawaita watoto ndani," alilalamika. "Halafu wananiuliza mama alitarajia nini. Haijaandikwa popote, Mwalimu. Nimeacha wazi."

"Usiache wazi. Mama anayeanua nguo na kufunga madirisha anatarajia nini?"

"Mvua."

"Kidole chako kiko wapi?"

Kerlyn alitazama. "Kwenye nguo. Na kwenye madirisha."

"Basi umepata. Hilo siyo jibu la kichwani mwako. Ni mambo mawili yaliyo kwenye habari umeyaunganisha. Unaruhusiwa kuruka, ila ruka ukiwa umesimama kwenye habari."

Wiki ya mwisho walipata habari iliyowashinda wote wawili, Kerlyn na Mwalimu wake. Siyo kwamba Mwalimu hakujua. Alishindwa kumweleza. Habari ilimhusu jogoo wa kijiji. Swali lilikuwa: mwandishi ana mtazamo gani kuhusu jogoo huyo? Kerlyn aliandika kwamba mwandishi anamheshimu.

"Hapana," Mwalimu alisema. "Soma tena."

"Nimesoma. Anamwita mheshimiwa. Anasema anaamka mapema kulitumikia taifa. Si heshima hiyo?"

Mwalimu alieleza hivi, akaeleza vile. Kerlyn alizidi kukunja uso. Kwenye kona ya baraza, Cosmus alikuwa akijipinda kwenye kiti chake.

"Una nini, Lendore?" Mwalimu aliuliza.

"Nina neno la pili."

"Sema."

"Huyo mwandishi anamdhihaki jogoo. Anamsimanga mchana kweupe."

Kerlyn aligeuka. Kwa utulivu, bila tabasamu, alimwuliza baba yake, "Wapi?"

Cosmus alinyanyuka. Aliinama juu ya kitabu na kushusha kidole, mstari kwa mstari, mpaka karibu na mwisho. "Hapa. Baada ya sifa zote hizo, anasema mheshimiwa alimkimbia kifaranga. Mwanangu, mimi ndivyo ninavyowasimulia watu wa mjini. Nampandisha mtu juu kwa sifa, halafu naondoa ngazi. Sifa zikizidi kimo cha mtu, jua anachekwa."

Kerlyn alirudi kusoma kutoka mwanzo. Alipofika kwenye kifaranga, alianza kucheka. Alicheka mpaka Merlene akaja kuuliza kuna nini, naye akasomewa, naye akacheka.

"Kumbe kitabuni nako mna waongo," alisema Merlene.

"Waongo wenye mpango," alijibu Mwalimu. Kisha alimgeukia Cosmus. "Hilo sikuweza kulieleza vizuri kama wewe."

"Andika, Merlene," alisema Cosmus. "Andika tarehe na saa."

Siku ya mtihani, Kerlyn aliteremka mjini na basi la asubuhi. Cosmus alibaki akiicheza kakao peke yake. Hakusimulia chochote. Merlene alimhurumia, akaingia kwenye trei, akamwambia uongo mdogo kuhusu shangazi yake ili apate wa kumbishia. Cosmus alimsikiliza mpaka mwisho. Merlene alimshika paji la uso kuona kama ana homa.

Kerlyn alirudi jua likiwa bado juu.

"Ilikuwaje?" baba yake aliuliza.

"Kulikuwa na habari ya chai, Papa. Walisema chai nzuri ya kakao hupikwa kwa unga wa kopo na maji ya vuguvugu."

Cosmus alishika ukingo wa trei. "Bila mdalasini? Bila kungumanga?"

"Bila chochote."

"Na wewe uliandika nini?"

"Niliandika unga wa kopo na maji ya vuguvugu. Kidole kilikuwa juu ya mstari. Niliomba radhi kimoyomoyo, lakini niliandika."

Cosmus alitazama juu mbinguni. "Vizuri, mwanangu," alisema. "Mungu atakusamehe."

Matokeo yalipotoka, Kerlyn alikuwa amefaulu Kiingereza chote, na ufahamu ndio uliomnyanyua zaidi. Mwalimu Verlyn alikunywa chai kwao siku hiyo, ya mdalasini na kungumanga. Cosmus alimpa vidonge vya kakao bure. Habari ya mpira na gongo hakuimaliza, ila alikubali kuiahirisha. Mwezi wa tisa Kerlyn aliingia chuoni.

Sikukuu ya kwanza aliyorudi nyumbani, alimkuta baba yake amepewa dawa ya presha na zahanati. Kidonge kilikuwa mezani, kando ya kikombe.

"Nitakinywa usiku," alisema Cosmus. "Naijua presha. Inatembea usiku, kama mwizi. Mjomba wangu aliwahi kuisikia ikipanda ngazi."

Kerlyn hakubisha. Alichukua pakiti, akaisogeza mbele yake. "Soma, Papa."

Cosmus alivaa miwani. Alisoma maneno yote ya pakiti kimya, kutoka juu mpaka chini, na midomo yake haikufunguka hata kidogo. Alipomaliza, alichukua kidonge, akakinywa kwa maji. Ilikuwa asubuhi, kama pakiti ilivyosema.

"Nimemsikiliza aliyeandika mpaka mwisho," alisema. "Sasa naruhusiwa kubisha?"

"Sasa ruksa."

Cosmus akavuta kiti karibu na binti yake, akaanza.