Maji ya Mvua ya Kwanza

Do. Kimya. Do, do.

Chiriku aliyasikia matone hayo akiwa amejifunika shuka mpaka puani. Bado hakukuwa kumepambazuka. Kitanda chake kilikuwa chini ya dirisha, na nje ya dirisha hilo ndipo liliposimama tangi la maji la ua mzima. Hayo matone hayakuwa yakianguka chini. Yalikuwa yakiangukia ndani ya tangi. Mvua ya kwanza baada ya miezi mitano ya kiangazi ilikuwa imefika.

Alijua alichokifanya, na ndiyo maana usingizi ulimruka.

Bati la nyumba yao lilikuwa na mfereji pembeni, na mwisho wa mfereji palikuwa na bomba la plastiki lenye kiwiko. Kiwiko kikielekezwa kulia, maji yaliingia tangini. Kikielekezwa kushoto, yalimwagika mtaroni. Kiangazi chote kilikaa kushoto. Mvua ya kwanza ya mwaka iliachwa inyeshe nusu saa nzima, ilioshe bati, ibebe vumbi, majani makavu na kinyesi cha njiwa wote waliotua pale juu tangu mvua zilipokatika. Baada ya hapo ndipo mtoto mwenye zamu alipotoka kukigeuza. Mwezi huu zamu ilikuwa ya Chiriku.

Lakini jana yake jioni, alipoona mawingu yamekunja uso, alijiambia, kwa nini nije nilowe gizani kama kuku? Akapanda kwenye tofali, akakigeuza kiwiko kulia kabisa, akaingia zake kulala.

Sasa mvua ilikaza. Matone yakawa mchirizi, mchirizi ukawa mngurumo. Bado unaweza kutoka, moyo ulimwambia. Miguu ikakataa. Kulikuwa na baridi, na shuka lilikuwa na joto.

Kulipokucha, tangi lilikuwa limejaa mpaka juu. Ua mzima ulitoka na ndoo. Kwa wiki kadhaa walikuwa wakibeba maji kutoka bomba la barabara kuu, na sasa yalikuwa mlangoni. Mwenye nyumba, mwanamke mzee ambaye watoto walimwita Bibi Funguo kwa sababu ya kicha cha funguo kilichomning'inia kiunoni, alimshika Chiriku kichwa mbele ya watu wote.

"Mnaona? Nyie wengine mngelala fofofo. Huyu ni mtu mzima."

"Ulisubiri bati lioshwe kwanza?" mama yake aliuliza, huku mkono mmoja ukiwa umeshika kitambaa cha sare. Alikuwa fundi cherehani, na shule zilikuwa karibu kufunguliwa. Baba yao, dereva wa lori, alikuwa safarini, kwa hiyo kila kitu kilikuwa juu ya mama.

"Nilisubiri," Chiriku alisema.

Neno lenyewe lilitoka jepesi tu. Ubaya ulikuja baadaye, alipoona watu wakiyanywa maji yale.

Siku ya tatu, mdogo wake alianza kuharisha. Alikuwa na miaka minne, na kwa mashavu yake ua wote ulimwita Kibonge. Asubuhi alikwenda chooni mara tatu, adhuhuri hakuwa na nguvu ya kwenda, na kufikia saa nane mama aliacha sare kwenye cherehani, sindano ikiwa bado imechoma kitambaa, akambeba mgongoni. Chiriku alifuata nyuma na begi la nguo za kubadilisha.

Zahanati ilikuwa imejaa. Muuguzi, dada mrefu mwenye sauti ya upole, alimlaza Kibonge kitandani, akaibana ngozi ya tumbo lake kwa vidole viwili, akaiachia. Ngozi haikurudi mara moja. Ilibaki imesimama kama mkunjo wa nguo, ikashuka polepole.

"Anapolia, machozi yanatoka?"

Mama alifikiri. "Tangu mchana, hapana."

"Maji yamempungua mwilini. Angekuja kesho, tungekuwa na mazungumzo mengine." Muuguzi alifungua daftari. "Huyu ni wa tatu kutoka ua wenu leo. Watoto wa seremala walikuja asubuhi. Mnakunywa maji gani?"

"Ya mvua. Tuna tangi."

"Mnayachemsha?"

Mama aliinamisha macho. "Kwa kawaida nachemsha. Wiki hii, dada yangu, kazi imenizidi. Nikaona ni ya mvua, hayajagusa ardhi."

"Na bati? Lilioshwa kwanza?"

"Ndiyo. Binti yangu ndiye aliyesubiri."

Muuguzi alimgeukia Chiriku. "Ni kweli?"

 Chiriku alitaka kufungua mdomo, akamwona mama amekaa na uchovu wake wote, akakumbuka mkono wa Bibi Funguo kichwani. Akatikisa kichwa juu na chini.

"Basi nitatafuta chanzo kingine," muuguzi alisema, akaandika. Alimnywesha Kibonge kikombe cha kwanza cha dawa palepale, kijiko kwa kijiko, mpaka alipoona kimekaa tumboni. Kisha akampa mama pakiti nyingine kadhaa. "Pakiti moja kwa lita moja ya maji safi na salama, yaliyochemshwa yakapoa. Mpe kidogo kidogo, usiku na mchana. Osheni mikono kwa sabuni kila mkitoka chooni na kila mkimshika. Akizidi kulegea, mrudisheni saa hiyohiyo."

Walipofika nyumbani, walikuta kelele. Bibi Funguo alikuwa amesimama kwenye mlango wa dobi, mpangaji wa chumba cha mwisho, aliyefua na kupiga pasi nguo za watu.

"Mtu pekee anayemwaga maji machafu hapa ni wewe," Bibi Funguo alisema. "Ndoo zako zinashinda pembeni ya tangi. Watoto watatu wanaumwa. Jioni hii uwe umefungasha."

"Bibi, maji yangu yanaenda mtaroni. Wewe mwenyewe unaniona."

"Ninachoona ni watoto wanaoumwa."

Dobi hakubishana tena. Alipita mbele ya Chiriku na pasi mbili za mkaa mikononi, akajaribu kutabasamu. Siku zote alikuwa akimtania, kwani alipewa jina la Chiriku kwa mdomo wake uliokuwa haupumziki. "Vipi, redio? Siku ya tatu hii sikusikii. Betri zimekwisha?"

"Hapana, Mjomba," alisema, akashindwa kumtazama.

Ndani, Kibonge alikuwa amelazwa juu ya mkeka. Mashavu yake yalikuwa yameshuka, macho yameingia ndani. Aliomba maji kwa sauti ndogo, tena na tena. Mama alipapasa mkaa. Ulikuwa umelowa wote kwa mvua.

"Huu hauwezi kuwaka leo," alijisemea. Alishika jagi, akatazama nje kwenye tangi, akatazama mtoto. "Hatuwezi kumsubirisha. Haya ya tangi ulisubiri mwenyewe bati likaoshwa. Yatafaa kwa leo, kesho tutachemsha."

Akatoka. Chiriku alisikia koki ikifunguliwa na jagi likijaa. Mama akarudi, akaichana pakiti kwa meno. Unga mweupe ukaanza kumiminika.

Chiriku alilishika jagi kwa mikono miwili.

"Mama, usimpe."

"Achia. Utamwaga dawa."

"Usimpe, Mama. Sikusubiri." Alishaanza, na hakuweza tena kurudi nyuma. "Niligeuza bomba jioni, kabla ya mvua. Nilikuwa sitaki kuamka. Uchafu wote wa bati uliingia humo."

 Mama alimtazama kwa muda ambao kwa Chiriku ulikuwa mrefu kuliko kiangazi chote. Kisha alifanya jambo ambalo Chiriku hakulitarajia: hakumpiga, hakumpigia kelele. Alilimwaga lile jagi nje, lote na dawa yake, akalisugua kwa sabuni, akakimbia kwa mke wa seremala. Alirudi na chupa ya chai iliyojaa maji ya moto yaliyochemshwa asubuhi kwa mkaa uliokuwa mkavu. Wakayapoza kwa kuyahamisha kutoka jagi hadi jagi safi. Pakiti ya pili ikachanganywa. Kijiko cha kwanza kikamwingia Kibonge kinywani.

Baada ya kijiko cha ishirini, ndipo mama alipozungumza.

"Mwenzako anafunga mzigo huko nje."

"Nenda ukamwambie Bibi, Mama."

"Mimi siwezi kukusemea. Maneno ni yako."

Chiriku alipiga moyo konde, akatoka. Dobi alikuwa akifunga kamba kwenye godoro. Bibi Funguo alikuwa mlangoni, funguo mkononi, na mke wa seremala na wapangaji wengine walikuwa wamesimama kwenye baraza zao, kila mtu akijifanya ana shughuli. Chiriku alisimama katikati ya ua. Alisema yote, kuanzia tofali mpaka zahanati, bila kuruka kitu. Alipomaliza, njiwa walisikika wakitembea juu ya bati.

Dobi alikaa juu ya godoro lake.

"Kumbe redio ilikuwa na habari yote hii," alisema taratibu, "ikanyamaza siku tatu."

Hakuna aliyecheka. Bibi Funguo alizitazama funguo zake, akazirudisha kiunoni.

"Fungua hiyo kamba," alimwambia dobi. Kisha akaongeza, kwa sauti ya mtu asiyezoea maneno hayo, "Nimekukosea. Nilikuhukumu kwa ndoo zako."

Asubuhi yake muuguzi alikuja pamoja na bwana afya. Kibonge alikuwa amekaa, ananung'unika, anataka kuchezea uzi wa cherehani, na hiyo ilikuwa dalili nzuri kuliko zote. Watoto wa seremala nao walikuwa wamepata nafuu. Bwana afya alipanda ngazi, akachungulia tangini, akashuka.

"Mwageni yote," alisema. "Lisuguliwe chini na pembeni, lisuuzwe kwa dawa ya maji. Na hata mvua ya kumi ikija, yachemsheni kabla ya kunywa. Bati halina mlinzi."

Koki ilifunguliwa. Ua wote ulisimama ukiyatazama maji waliyoyangojea miezi mitano yakienda mtaroni. Hiyo ndiyo iliyokuwa adhabu ya Chiriku, maana hakuna aliyemwambia neno. Sasa walikuwa wamerudi kwenye bomba la barabara kuu, na yeye alikwenda mara sita, ndoo kichwani, mpaka shingo ikamkakamaa.

Mama alimkuta amekaa kando ya jiko, ndoo ya mwisho ikiwa imeshamiminwa kwenye sufuria juu ya moto. Akachuchumaa karibu naye.

"Mimi pia nina kosa," alisema. "Nilijua maji huchemshwa, nikaiachia haraka yangu iamue. Lakini sikiliza, mwanangu. Ukinidanganya kuhusu kalamu iliyopotea, tumepoteza kalamu. Ukinidanganya kuhusu maji, ndugu yako anayanywa, na watoto wa jirani wanayanywa, na mtu asiye na kosa anafukuzwa. Afya yetu hapa ni kitu kimoja, ua mzima. Kuamka gizani ni kazi, najua. Ukishindwa, niamshe mimi. Ila ukiulizwa, sema jambo kama lilivyo."

"Ndiyo, Mama."

Wakati huo dobi alikuwa akitoka ndani ya tangi, kwani ndiye pekee aliyekuwa mwembamba kiasi cha kupita kwenye mdomo wake. Jasho lilimtiririka, matope yamemjaa mpaka masikioni. Alinawa mikono kwa sabuni, akakaribia jikoni akiwa na kikombe. Wengine waliokuwa wakisaidia kusugua walimfuata, koo zimewakauka. Sufuria ilikuwa ikitoa mvuke mwingi, na pembeni viputo vidogo vilikuwa vimeanza kupanda.

"Redio," dobi alisema, akinyoosha kikombe. "Nina kiu ya kufa. Niyapooze, ninywe?"

Watu wote walimtazama Chiriku. Mvuke ulipanda mbele ya macho yake, na ingekuwa rahisi sana kusema ndiyo. Aliinama, akayatazama maji vizuri, akainua uso.

"Bado hayajachemka, Mjomba."