Paka Mweusi Hatoki Oktoba

Niliondoka nyumbani jioni ya tarehe ishirini na tisa Oktoba, kama mtu anayefika dukani mara moja. Kwenye kiti cha pembeni cha pikapu niliweka kisanduku cha kubebea paka, na ndani yake blanketi dogo la njano. Mke wangu Signe alikuwa amesimama dirishani. Hakuniuliza naenda wapi. Wiki sita zilikuwa zimepita bila yeye kunisemesha, na nilistahili.

Nikueleze kosa langu mapema, usije ukanionea huruma bure.

Binti yetu Aili alifariki mwezi wa nne, kwa saratani ya damu, akiwa na miaka tisa. Aliacha paka mweusi tii, Noki, aliyemlea tangu anaenea kiganjani. Baada ya mazishi yule paka akaanza vituko. Kila siku giza likianza kuingia, alishuka kitandani kwa Aili, akaenda mlango wa mbele, akalia. Hakikuwa kilio cha njaa. Alilia kwa sauti ya chini, ya kubembeleza, mkia umesimama wima. Kisha alinyamaza, akageuka, akarudi chumbani pole pole, hatua moja moja.

Mimi ni fundi wa mabomba. Kitu kikivuja, naziba. Miezi mitano nilivumilia kilio kile, na Septemba nikashindwa. Siku Signe alipokwenda kwa dada yake, nilimbeba Noki hadi kituo cha wanyama, kule juu nyuma ya uwanja wa barafu. Kwenye fomu, mahali pa kuandika sababu ya kumtoa, niliandika: mzio. Uongo mtupu. Nyumbani kwetu hakuna anayepiga hata chafya.

Signe aliporudi na kukuta kitanda kitupu, hakulia. Alisema neno moja tu.

"Unajua ulichofanya, Baba Aili?"

Nikadhani anazungumzia paka.

Basi jioni hiyo nilikuwa nakwenda kumrudisha. Nilifika kituoni zikiwa zimebaki dakika ishirini wafunge. Mapokezi alikuwepo Doreen Haglund, mama wa miaka sitini na kitu, miwani imening'inia kifuani, sweta limejaa manyoya ya kila rangi. Mbwa walikuwa wakibweka nyuma. Palinuka dawa ya sakafu na mkojo.

"Umefuata nini, baba?"

"Paka. Anaitwa Noki. Nilimleta mwenyewe mwezi uliopita."

Akavaa miwani, akapekua faili. "Huyu hapa. Mzio." Akaniangalia juu ya miwani. "Umepona?"

"Sikuwahi kuumwa."

"Mtu mzima ovyo. Haya, lakini huyu ni mweusi. Paka mweusi hatoki Oktoba."

Nilikuwa sijui. Akanieleza kwa sauti ya mtu aliyekwisha kueleza mara elfu. Kuanzia katikati ya Oktoba mpaka Halloween, ile sikukuu ya vinyago ya mwisho wa mwezi, ipite, kituo hakimpi mtu paka mweusi, awe nani. Kuna wanaowachukua wawe mapambo ya sherehe na kuwatupa kesho yake. Na kuna wanaowachukua kwa mambo mengine. Miaka kumi na mmoja iliyopita alimpa kijana mmoja mpole paka mweusi, na kilichorudi kililetwa ndani ya mfuko wa taka.

"Tangu siku hiyo, hata aje askofu, simpi. Rudi tarehe mbili Novemba."

"Mama, nakuomba. Mke wangu haongei nami."

"Atakaa kimya siku nne zaidi. Haitamuua." Akaanza kufunga faili, kisha akasita. "Halafu sijui kama utampata. Kuna mtoto anamtaka sana. Anakuja kila jioni tangu paka afike hapa. Hata ndani haingii, anasimama nje ya dirisha la chumba cha paka. Noki naye akimwona anapanda dirishani, mkia juu, analia ile sauti yake ya kubembeleza."

Nikamsogelea.

"Mtoto gani?"

"Msichana. Miaka minane, tisa. Ana kofia ya sufu ya kijani, na miguuni hana viatu. Amevaa zile soksi za hospitali, zenye vinundu vya mpira chini. Nilimfungulia mlango wa nyuma nikamgombeza, baridi hii mama yako yuko wapi. Hakujibu."

Ile kofia aliifuma bibi yake. Nilimvika mimi mwenyewe, siku ya kufunga jeneza.

"Ulimwambia nini?"

"Nilimwambia ukweli. Nikamwambia mwanangu, mtoto hapewi paka. Anayesaini ni mzazi. Mlete baba yako."

"Akasemaje?"

Doreen akakunja uso, akikumbuka.

"Akasema... baba alisema kesho."

Nilishika meza.

Aili alikuwa ameniomba jambo moja. Wiki yake ya mwisho, wakati hata maji yalikuwa hayapiti, aliomba nimletee Noki hospitalini. Wanyama walikuwa hawaruhusiwi kwenye ile wodi. Lakini nina koti kubwa la kazi, na paka yule alikuwa mtulivu. Ningeweza. Niliogopa kugombezwa na muuguzi, mimi mwanamume mzima. Nikamwambia kesho, mwanangu. Siku ya pili nikamwambia kesho. Siku ya tatu hakuuliza tena, na usiku ule akatutoka.

"Baba, umekuwa mweupe. Kaa chini."

"Anakuja saa ngapi?"

Doreen akaangalia saa ya ukutani, kisha dirisha. Nje giza lilikuwa limeanza kuingia.

"Saa hizi."

Na mbwa wakanyamaza. Wote kwa pamoja.

Kutoka chumba cha paka ikaja ile sauti. Ya chini. Ya kubembeleza.

Doreen alitangulia, mimi nikafuata. Vizimba vilikuwa vimepangwa ukutani, na paka wa rangi nyingine walikuwa wamejibanza nyuma kabisa, macho makubwa. Noki alikuwa juu ya ubao wa dirisha. Kizimba chake kilikuwa kimefungwa kwa komeo.

"Huyu amewezaje kutoka?" Doreen alinong'ona.

Nilikuwa naangalia kioo.

Alikuwa amesimama nje, chini ya taa ya maegesho. Kofia ya kijani. Bangili ya plastiki ya hospitali ikipwaya kwenye kimkono chake. Alikuwa ameweka kipaji cha uso wake kwenye kioo, mahali pale pale paka alipoweka chake. Baridi ilikuwa ya kugandisha mate, lakini pumzi yake haikutia ukungu kwenye kioo.

Harufu ilinifikia. Ile dawa yake ya maji, ya ladha ya stroberi, aliyokuwa akiitema kwenye shuka.

"Aili," nikasema.

Akainua macho. Midomo yake ilisogea kidogo tu, na kioo kilikuwa kinene, lakini nilimsikia.

"Baba... ni leo?"

Nikaelewa yote pale pale, na laiti nisingeelewa. Alikuwa anakuja nyumbani. Miezi mitano, kila jioni, mwanangu alikuwa anakuja nyumbani, na paka alikuwa akimfungulia kwa sauti yake na kumpeleka kitandani. Mimi nilikuwa nimekaa hatua tatu kutoka mlangoni nikiziba masikio. Kisha nikachukua kitu pekee kilichokuwa kinamwonyesha njia, nikakileta huku. Akakifuata, kwa soksi.

"Leo," nikamwambia. "Ni leo, mwanangu."

Doreen alikuwa akinitazama mimi, si dirisha. Sijui alijua nini, na sikuwahi kumuuliza. Alirudi mapokezi akaja na karatasi na kalamu.

"Sheria ni yangu, naivunja mwenyewe," akasema. "Saini hapa. Na hapa andika jina la atakayeishi na paka."

Nikaandika Aili Niskala. Chini yake nikasaini: baba.

Nilitoka na kisanduku hadi maegesho. Hapakuwa na mtu chini ya taa. Alikuwa amesogea, amesimama pale misonobari inapoanzia, nusu kwenye mwanga na nusu gizani. Ningeweza kupanda gari. Nataka ujue hilo. Ningeweza kumweka Noki kwenye kiti na kuendesha hadi nyumbani, na mwanangu angenifuata, na kila jioni ya maisha yangu angekuja mlangoni, mgonjwa vile vile, miguu baridi vile vile, asilale wala asikue. Niliwaza hivyo. Niliwaza kwa muda mrefu kuliko anavyopaswa kuwaza baba.

Kisha nikapiga magoti, nikafungua kisanduku.

Noki hakunitazama. Alikwenda moja kwa moja, mkia juu. Aili aliinama akamwokota, akazika uso kwenye manyoya, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kuugua nilimwona anacheka. Nilisikia paka akikoroma kwa raha. Sauti ilianza kwenda mbali, katikati ya miti... mbali zaidi... ikaisha. Nyuma yangu mbwa wakaanza kubweka tena.

Nikakaa kwenye changarawe nikalia mpaka Doreen akaja kuniinua.

Signe alikuwa mlangoni nilipofika, mlango wazi, taa zote zimewashwa. Aliangalia kisanduku kitupu mkononi mwangu, na uso wake ukasawijika.

"Yuko wapi?"

Nikamwambia. Sikumficha kitu. Nilidhani ataniita kichaa. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akakaa kwenye ngazi.

"Nilikuwa nalala naye," akasema taratibu. "Kila jioni ukiwa unaangalia taarifa ya habari. Nilikuwa najilaza pale kitandani, paka anaingia, na godoro linabonyea kidogo upande wa ukutani. Sikuwahi kumwona. Nilikuwa nasikia ile dawa yake. Hiyo ilinitosha, Arvo."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeziba."

Akashika mkono wangu, mara ya kwanza kwa wiki sita.

"Aliniulizia?"

"Alikuulizia. Alisema nikwambie anakupenda."

Signe aliniangalia bila hasira.

"Mwongo wewe. Aili hakuwahi kusema maneno hayo. Angeuliza tu mama amepika nini."

Akaachia mkono wangu akapanda chumbani.

Tarehe mbili Novemba, kabla kituo hakijafunguliwa, Signe alikuwa wa kwanza mlangoni. Alichukua paka weusi watatu waliobaki. Doreen alimpa bila swali. Desemba akaongeza wawili. Watu wanamsifu, wanasema ana moyo, maana weusi hakuna anayewataka. Kila jioni giza likianza kuingia anafungua mlango wa mbele, theluji inaingia mpaka kwenye zulia, anawapanga paka wote watano kizingitini, anangoja. Wanakaa. Wanajilamba. Wanarudi ndani kwenye joto. Mimi nafunga mlango.

Jana mmoja aliinuka.

Ni yule wa mwisho, dume kubwa, bado hajapewa jina. Alisimama kizingitini, mkia wima, akaanza kulia. Kwa sauti ya chini. Ya kubembeleza. Signe akaziba mdomo kwa mikono miwili.

Nilivuta hewa. Haikunuka stroberi. Ilinuka udongo uliolowa, na nje ardhi yote ilikuwa imeganda.

Yule paka akajisugua kwenye kitu nisichokiona. Kisha akasimama kwa miguu ya nyuma, akanyoosha shingo apapaswe, na macho yake yakapanda. Yakapita kimo cha mtoto. Yakapita kimo changu. Yakasimama juu, karibu na boriti ya mlango.

"Mama Aili," nikanong'ona. "Huyo si yeye."

Mke wangu hakugeuka. Machozi yalikuwa yakimtiririka.

"Najua," akasema. "Acha mlango wazi."